Uzito unaofaa: maswali ninayoulizwa kliniki hapa Tanga

Swali: Mtu mzima atajuaje kama uzito wake unafaa?

Jibu: Zidisha urefu wako wa mita kwa urefu huohuo, kisha gawanya kilo zako kwa jibu unalopata. Mwenye kilo 70 na urefu wa mita 1.60 atapata 2.56, na 70 ikigawanywa kwa 2.56 ni 27.3. Kati ya 18.5 na 24.9 uzito unafaa, chini ya hapo ni pungufu, kuanzia 25 umezidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo. Mwenye 27.3 husifiwa arusini kuwa amenawiri, ilhali shinikizo la damu halijali sifa. Wajawazito hawapimwi hivi.

Swali: Je, viwango hivyo vinamfaa mtoto?

Jibu: Havimfai, kwa kuwa mtoto hulinganishwa na umri wake. Aliyezaliwa na kilo 3 hutarajiwa kufikia kilo 6 hivi akiwa na miezi mitano au sita, na kilo 9 hivi akitimiza mwaka, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki unatakiwa kupanda. Kadi nyingi ninazofungua zina nukta hadi mwezi wa tisa, ilipochomwa chanjo ya surua, kisha ukurasa ni mweupe, kana kwamba mtoto naye aliacha kukua siku hiyo.

Swali: Mwanangu amekonda na watu wanasema amebemendwa, yaani amedhoofishwa na ngono ya wazazi wake. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kliniki. Mtoto hakondi kwa sababu wazazi wake wamelala pamoja, wala kwa sababu mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Hukonda kwa kukosa chakula cha kutosha, kuhara, malaria, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI. Neno hilo huwatia wazazi aibu, wakatuhumiana, wakamficha mtoto ndani na kumzungusha kwa waganga, hata anapofika kwetu uzi wa hirizi uliomkaa sawasawa mkononi unateleza hadi kwenye kiganja. Tukimzungushia utepe wa kupimia wenye rangi mkononi, katikati ya bega na kiwiko, tunasoma chini ya sentimita 11.5, sehemu nyekundu, ambayo kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali. Hajabemendwa, anaumwa.

Swali: Wangu hajakonda, mashavu na miguu imejaa. Huyu si ana afya?

Jibu: Mbonyeze kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde tatu. Vishimo vikibaki, yale ni maji wala si nyama, na mizani itakudanganya. Huyu naye hajabemendwa, na huyu naye aletwe leo, asisubiri Jumatatu wala dawa ya kuogeshwa.

Swali: Nyumbani nimlishe nini?

Jibu: Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo endelea kumnyonyesha, lakini tafadhali, uji wa muhogo mtupu hujaza tumbo tu. Uongezee dagaa waliosagwa, kunde zilizopondwa, yai au tui la nazi. Samaki wa soko la Deep Sea hawakuvuliwa kwa ajili ya sahani ya baba peke yake. Mtoto aliyesoma nyekundu hatibiwi kwa uji huo: hupewa chakula dawa kliniki, na akikataa kula, akiwa na homa au akivimba miguu, hupelekwa hospitali kulazwa.