Elimu kwa Umma: Maelezo binafsi kwa wanaoomba kusoma sheria Uingereza

Meza yetu ya ushauri wa udahili imekuwa ikipokea malalamiko mengi kutoka kwa wazazi hapa Kampala na mikoani. Mtoto amefaulu vizuri UACE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari ya juu, ameomba sheria Uingereza, amekataliwa, na mzazi ameshaamua kwamba huo ni ubaguzi. Sisi hatusemi kwa niaba ya chuo chochote, na uamuzi si wetu. Tunachoweza kuzungumzia ni maelezo binafsi yaliyopelekwa, kwa sababu tumeyasoma.

Tuanze na utaratibu, maana hapo watu wanaanguka bila sababu yoyote. Kwa wanaoingia chuoni kuanzia 2026, UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, iliacha ile insha moja ndefu ya maelezo binafsi. Sasa kuna maswali matatu: kwa nini unataka kusoma somo hili, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa, na kina faida gani. Kila jibu lisipungue herufi 350, na yote matatu kwa pamoja yasizidi herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Nataja nafasi kwa makusudi. Kijana mmoja aliniletea herufi 4,600 akasisitiza kwamba nafasi si herufi. Mfumo haubishani na mtu, unakataa tu.

Kuhusu saa: mwisho ni saa 12 jioni, lakini ya Uingereza. Kwa Oxford na Cambridge tarehe ni 15 Oktoba, na siku hiyo wao bado wako kwenye saa za kiangazi, kwa hiyo kwetu ni saa 2 usiku. Vyuo vingine vingi vinafunga katikati ya Januari, wakati huo wao wamesharudisha saa nyuma, kwa hiyo kwetu ni saa 3 usiku. Usisubiri hata saa moja ya mwisho. Umeme ukikatika Ntinda, Uingereza hawana habari. Vyuo kadhaa, vikiwemo Oxford, Cambridge, LSE na UCL, vinadai pia LNAT, mtihani wa udahili wa sheria: maswali 42 ya kuchagua na insha moja. Maelezo mazuri hayachukui nafasi ya mtihani huo. Wanaoomba sheria Makerere wana mtihani wao wa kujiunga, haya hayawahusu.

Sasa maandishi yenyewe. Karibu kila rasimu inaanza na “tangu utotoni nilitamani kuwa wakili.” Inayofuata inasema mwandishi anapenda kubishana na kwamba nyumbani wanamwita “wakili.” Makondakta wa Taxi Park wanabishana kutwa nzima na hakuna aliyewaita mahakamani. Tumelisema hili kila mwaka, na kila mwaka linarudi.

Msomaji wa chuo anataka kuona unavyofikiri ukikutana na jambo la kisheria. Binti mmoja kutoka upande wa Tororo alikuja na rasimu iliyosema, “Nimesoma kesi ya Mifumi kuhusu mahari, nikavutiwa sana.” Nilimuuliza amevutiwa na nini, akanyamaza. Nikamwambia aache Kiingereza kwanza, anieleze kama anavyoeleza nyumbani. Hapo ndipo yalipotoka yote. Shangazi yake alitaka kuachana na mumewe, lakini upande wa mume ulidai ng'ombe sita warudishwe, na ng'ombe wale kaka zake walishawatoa kuolea wake zao. Kikao kiliketi chini ya mwembe, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akiongoza, na shangazi akarudishwa kwa mumewe.

Rasimu ya pili ilikuwa kitu kingine kabisa. Aliandika kwamba katika kesi hiyo ya Mifumi, mwaka 2015, Mahakama ya Juu iliacha mahari yenyewe isimame lakini ikasema kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Kisha akauliza: hukumu hiyo inamfikiaje mwenyekiti wa LC1 ambaye hajawahi kuisikia, na shangazi angeifungulia kesi familia ipi, ya mumewe au yake mwenyewe? Hakulijibu swali lote, wala hakuhitaji kulijibu. Kusoma hukumu kukaenda kwenye swali la kwanza la UCAS, kikao cha chini ya mwembe kikaenda la tatu, na somo la historia likabaki la pili. Sisemi alipata nafasi kwa ajili hiyo. Nasema nilimaliza kuisoma nikijua ni nani ameandika.

Kinyume chake ni haya maelezo ya kununua. Tuliwahi kupokea rasimu mbili, kutoka shule mbili tofauti, kila moja ikisimulia bibi aliyefukuzwa kwenye kibanja chake Mukono, machozi yakidondoka kwenye sentensi ileile. Bibi mmoja, wajukuu wawili wasiojuana. Zote zilichapwa kwenye vibanda vya Wandegeya. Mzazi mmoja aliniambia kwa utulivu kabisa, “Mwalimu, mimi nimelipa, kosa langu liko wapi?”

Kosa liko hapa, mzee wangu. UCAS inalinganisha kila maelezo na yale iliyowahi kupokea. Ufanano ukifika asilimia 30 au zaidi, faili linakaguliwa, na likithibitika vyuo vyote ulivyoomba vinaarifiwa. Hata vitano. Kabla ya kutuma, mwombaji anathibitisha kwamba maandishi ni yake, hayakunakiliwa popote, hata kwenye programu ya akili bandia. Kuitumia ikuulize maswali ni jambo moja. Kuipa kalamu ni jambo jingine. Na anayeambatanisha cheti cha kughushi ajue kwamba kughushi ni kosa la jinai, na kukitumia huku ukijua ni cha bandia ni kosa jingine peke yake. Kwa mtu anayeomba kusomea sheria, sioni haja ya kuendelea.

Jambo dogo la mwisho: msiandike kwamba ukirudi na shahada utasimama mahakamani mara moja. Shahada ya nje lazima itambuliwe, kisha uende Law Development Centre kwa stashahada ya uanasheria kwa vitendo. Ukiandika tofauti, unaonyesha hukuuliza.

Tunapokea rasimu asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi, zikiwa zimechapwa na idadi ya herufi imeandikwa juu. Mwombaji aje mwenyewe. Mzazi anakaribishwa kukaa kwenye benchi la nje.