Supu haitoi pombe mwilini: dhana potofu kuhusu ulevi na usukani huku Nyanda za Juu Kusini

Asubuhi moja ya Julai pale Ipogolo, Iringa, ukungu bado umelalia Ruaha Mdogo, nilikaa meza moja na suka wa Hiace. Alikuwa ameshika bakuli la supu ya utumbo kwa mikono miwili, macho mekundu. Konda wake, kijana mdogo, akamuuliza, "Bro, utaweza kweli?" Akajibu, "Sendofu iliisha saa sita, nimelala, nimeshazimua. Pombe imeisha hiyo."

Haikuwa imeisha. Nianzie hapo, kwa sababu dhana hii ndiyo inayonitisha kuliko zote.

"Nimelala, nimekunywa supu, niko sawa."

Pombe huondolewa na ini, na ini halina haraka. Kwa mtu wa kawaida hupunguza takribani miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Supu, kahawa, maji baridi ya kuoga, maziwa, hakuna kinacholiharakisha. Usingizi nao hauliharakishi.

Piga hesabu. Mwanaume wa kilo 70 anaanza saa mbili usiku, anakunywa bia sita za mililita 500 zenye kilevi cha asilimia 5, anaacha saa sita. Kwa makadirio, wakati huo ana kama miligramu 190. Saa kumi na mbili asubuhi, abiria wanapopakia mizigo, bado ana kama 100. Damu yake itakuwa safi karibu saa saba mchana. Na hiyo ya kuzimua? Ni pombe mpya juu ya ile ya jana. Kichwa kinatulia, kipimo kinapanda.

"Sheria inaruhusu bia mbili."

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, haihesabu chupa. Inahesabu kilichomo kwenye damu: kwa dereva wa gari binafsi, mwisho ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Yule wa kilo 70 akinywa chupa mbili harakaharaka, tayari anaugusa mstari huo. Dada wa kilo 55 anaweza kufika 60 na kitu kwa chupa moja tu. Kula kitimoto na ndizi kwanza kunachelewesha pombe kuingia kwenye damu, hakuifuti. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ziweke 50, kwa hiyo hata hiyo 80 yetu si kipimo cha usalama.

Wanaobeba abiria na mizigo kibiashara, kiwango chao ni sifuri. Suka wa Hiace, wa Coaster, wa lori la Tunduma: hakuna bia moja, hakuna "kidogo cha kutoa baridi".

"Ulanzi si pombe, ni kinywaji cha asili."

Hapa nazungumza na ndugu zangu wa Iringa na Njombe hasa. Ulanzi unaokingwa asubuhi kutoka kwenye mwanzi mchanga, ukidondoka kwenye mbeta, chombo cha kukingia, ni mtogwa: mtamu, hata mtoto anaonja. Lakini haukai hivyo. Unachacha wenyewe humo humo, na kadiri muda unavyokwenda unageuka mkangafu, yaani ulanzi mkali. Lita ya saa tatu asubuhi na lita ya jioni kutoka ndoo ile ile si kitu kimoja, na hakuna lebo ya kukuambia asilimia. Komoni na kimpumu, pombe za kienyeji za Mbeya, ni vilevile. Mnywaji wa bia angalau anaweza kukadiria. Wa ulanzi anabahatisha. Mashine ya trafiki haiulizi kilevi kimetoka kiwandani au kwenye mianzi.

"Huku kuna baridi, pombe inaishia kwenye kupasha mwili joto."

Hapana. Pombe hufungua mishipa midogo ya ngozi, ndiyo maana unahisi joto, lakini joto lenyewe ndilo linalotoka nje. Makete ya Juni haipunguzi chochote kwenye damu.

"Mimi mzoefu, nikilewa ndiyo naendesha vizuri."

Mzoefu ni yule asiyeyumba anapotembea. Damu yake ina kiwango kile kile, na jicho na mguu wake bado vinachelewa. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde kukanyaga breki, umeshapita mita 11. Kwenye mlima Kitonga, lori likiwa limesimama kwenye kona, mita 11 hizo huna. Mteremko wa Mbalizi hivyo hivyo.

Yaliyobaki ni mafupi. Pipi ya mnanaa na vitunguu hubadilisha harufu ya mdomo, lakini mashine hupima hewa inayotoka kwenye mapafu, ambako pombe imepita kutoka kwenye damu. Kukataa kupuliza ni kosa lenyewe. Bodaboda hajasamehewa: pikipiki ni chombo cha moto kama lori. Na kosa haliishii kwa anayeendesha. Anayejaribu kuendesha, au mwenye dhamana ya gari akiwa amelewa, naye anaguswa. Tena, mikataba mingi ya bima kubwa ina kifungu kinachomnyima fidia dereva aliyelewa. Kisome kabla ya ajali.

Pale Ipogolo nilimwambia yule suka hesabu hii, polepole, kama mdogo wangu. Alinyamaza, akasukuma bakuli, akampigia mwenye gari. Hiace iliondoka saa moja kasoro na dereva mwingine. Yeye alikaa siti ya nyuma, kofia usoni, akalala.