Kuhamisha majukumu ya kaunti: maana yake, na mambo ambayo hayamo katika maana hiyo

Husikika mara nyingi redioni, na hata katika mazungumzo ya watu wanaofuatilia siasa kwa makini, kwamba korona ilipoingia Nairobi, kaunti ilivunjwa na kazi zake zikachukuliwa na serikali kuu. Wengine husema ilisimamishwa. Wengine husema ugatuzi ulifutwa jijini kwa muda wa miaka miwili. Kauli hizo tatu hutumiwa kana kwamba zina maana moja, ilhali kila moja inataja jambo tofauti kisheria, na hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililotokea. Kilichotokea kina jina lake katika Katiba, nacho ni kuhamisha majukumu.

Kuhamisha majukumu ni makubaliano ambayo kwayo ngazi moja ya serikali huikabidhi ngazi nyingine kazi iliyopangiwa na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, yaani orodha inayogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Msingi wake ni kifungu cha 187, na taratibu zake zimeelezwa katika Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali ya mwaka wa 2012. Sharti ni kwamba ngazi inayopokea iweze kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi, na kwamba sheria inayohusu kazi yenyewe isiwe imekataza uhamisho huo. Kazi inaweza kutoka kaunti kwenda serikali ya kitaifa, au kutoka serikali ya kitaifa kwenda kaunti. Hayo yanatosha kuwa maana. Panapostahili muda zaidi ni pale watu wanapoichanganya maana hiyo na mambo mengine.

Tuanze na tarehe, kwa sababu kosa la kwanza limo humo. Mkataba wa kuhamisha majukumu manne ya Kaunti ya Nairobi ulitiwa saini katika Ikulu tarehe 25 Februari 2020, nacho kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, yaani siku 17 baadaye. Si kweli, basi, kwamba maradhi ndiyo yaliyoleta mkataba. Sababu zilikuwa za uongozi: gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alikuwa amezuiwa na mahakama kuingia ofisini tangu Desemba 2019 aliposhtakiwa kwa ufisadi, mashtaka ambayo aliyakanusha, na kaunti ilikuwa haina naibu wa gavana tangu Polycarp Igathe alipojiuzulu mapema mwaka wa 2018. Maradhi yalikuta mkataba umekwisha kutiwa saini, na katika mwezi huo huo wa Machi chombo kipya, Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi iliyojulikana kwa herufi NMS, kikaanza kujipanga chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi ili kitekeleze majukumu hayo. Kwa kuwa mambo hayo mawili yalifuatana kwa karibu sana, kumbukumbu za watu zimeyashona pamoja, na moja likaonekana kuwa chanzo cha lingine.

Kosa la pili ni neno «kuvunjwa», nalo lina asili inayoeleweka. Nairobi iliwahi kuvunjiwa serikali yake kwa maana kamili ya neno hilo. Mwaka wa 1983 baraza la madiwani waliochaguliwa liliondolewa na mahali pake pakawekwa Tume ya Jiji iliyoteuliwa na serikali, na jiji likaendeshwa kwa mtindo huo hadi ulipofika uchaguzi wa 1992. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu halmashauri za wakati ule zilikuwa viumbe vya sheria ya kawaida, Sheria ya Serikali za Mitaa, na waziri aliyesimamia wizara hiyo alikuwa na mamlaka makubwa juu yao. Mkazi mzee wa Shauri Moyo au Makadara aliyeishi wakati wa Tume anaposikia kwamba mwanajeshi ameteuliwa kusimamia usafi, afya na barabara za jiji, ni kawaida kabisa akili yake irudi 1983. Hata askari wa jiji tunaendelea kuwaita kanjo, ingawa halmashauri iliyowapa jina hilo ilikoma mwaka wa 2013.

Lakini kaunti si halmashauri. Kifungu cha 6 cha Katiba kinasema kwamba serikali katika ngazi hizo mbili ni tofauti na zinategemeana, na kwamba zinahusiana kwa mashauriano na ushirikiano. Hakuna iliyo juu ya nyingine kwa namna waziri alivyokuwa juu ya halmashauri. Ndiyo maana hata neno «kukasimu», ambalo baadhi ya waandishi hulitumia kwa jambo hili wakidhani ni la heshima zaidi, halifai hapa, kwa kuwa mwenye kukasimu humpa madaraka yake aliye chini yake, nasi hapa tunazungumzia pande mbili zilizokaa mezani na kuandikiana mkataba.

Kusimamishwa nako ni jambo la peke yake, lenye kifungu chake, cha 192. Rais anaweza kuisimamisha serikali ya kaunti kukiwa na dharura inayotokana na vita au mapigano ya ndani, au kukiwa na hali nyingine isiyo ya kawaida. Katika hali hiyo ya pili, lazima kwanza tume huru ichunguze madai yaliyopo, Rais aridhike kwamba yana msingi, na Seneti iidhinishe. Kusimamishwa hakuzidi siku 90, na muda ukiisha uchaguzi hufanywa. Kaunti iliyokaribia zaidi kufika huko ni Makueni, ambako tume ya uchunguzi ilipendekeza isimamishwe kutokana na mvutano mkali kati ya gavana na wawakilishi wadi, na mwaka wa 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamua kutofanya hivyo. Nairobi mwaka wa 2020 haikuundiwa tume ya aina hiyo, Seneti haikupiga kura ya kuisimamisha, wala hakukuwa na uchaguzi baada ya siku 90.

Ifahamike vilevile kwamba hata nchi yenyewe haikuwekwa chini ya hali ya hatari ya kifungu cha 58. Kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 ilitangazwa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, na masharti ya kuingia na kutoka jijini yaliyofuata mwezi wa Aprili yalitolewa kwa kanuni za Sheria ya Afya ya Umma. Kwa maneno mengine, Katiba iliendelea kufanya kazi kama ilivyo, pamoja na sura yake ya ugatuzi.

Sasa tufike kwenye kiini, ambacho ni sentensi moja ya kifungu cha 187 inayosomwa na watu wachache mno. Inasema kwamba jukumu likihamishwa, wajibu wa kikatiba wa kulitekeleza hubaki kwa serikali iliyopangiwa jukumu hilo na Jedwali la Nne. Kazi inaondoka, wajibu unabaki. Mzazi anayempeleka mtoto akae kwa shangazi yake ili awe karibu na shule hajaacha kuwa mzazi, na karo ikikosekana, yeye ndiye atakayeulizwa.

Majukumu manne yaliyohamishwa Nairobi yalikuwa huduma za afya za kaunti, uchukuzi, mipango na maendeleo, na ujenzi wa umma pamoja na huduma zinazoambatana nao. Ni mambo mazito, hasa wakati wa janga, kwa sababu huduma za afya za kaunti kwa mujibu wa Jedwali hilo si hospitali kama Mbagathi na Pumwani peke yake, bali pia magari ya kubebea wagonjwa, uzoaji wa taka, makaburi, na utoaji wa leseni kwa wanaouzia umma chakula. Hata hivyo, kaunti ina kazi nyingine zisizokuwa miongoni mwa hizo nne: masomo ya chekechea, masoko na leseni za biashara, kilimo, mambo ya utamaduni na michezo. Hizo zilibaki City Hall, makao makuu ya kaunti, na janga halikuzipa likizo.

Chukua mwenye hoteli ndogo ya chai na chapati pale Kariobangi katika miezi ile ya 2020. Leseni yake ya biashara inatokana na jukumu la biashara, ambalo halikuhama. Ukaguzi wa jikoni mwake, ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na vyeti vya afya vya wapishi wake vinatokana na jukumu la afya, ambalo lilihamishwa. Kibanda ni kimoja, wateja ni wale wale, lakini karatasi mbili zilizobandikwa ukutani zinatoka kwenye majukumu mawili yaliyokuwa yakitekelezwa na mikono miwili tofauti. Mtu huyo akiambiwa kwamba kaunti imevunjwa, atadhani leseni yake haina mwenyewe na kwamba anayekuja kuidai ni tapeli. Nami naamini wengi walitaabika kwa namna hiyo bila sababu, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza tofauti kwa lugha nyepesi.

Fedha zinathibitisha jambo hili kuliko kitu kingine chochote. Katiba inataka jukumu linapohamishwa rasilimali za kulitekeleza zihamishwe pia, lakini rasilimali za kaunti hazitoki bila idhini ya bunge la kaunti. Kwa hiyo wawakilishi wa wadi 85 za Nairobi, pamoja na wenzao walioteuliwa, waliendelea kupokea makadirio ya bajeti, kuyajadili na kuyapitisha, yakiwemo mafungu ya NMS. Gavana naye, ambaye watu wanasema kaunti yake ilikuwa imekwisha, alikataa mwaka wa 2020 kutia saini mswada wa bajeti kwa sababu ya fedha zilizotengewa idara hiyo, na mvutano huo ukatikisa malipo ya jiji zima katikati ya janga. Tunaweza kuulaumu mvutano wenyewe, na binafsi naulaumu, lakini saini iliyokuwa ikisubiriwa ilikuwa ya gavana wa kaunti iliyopo. Mwezi wa Desemba 2020 bunge lile lile lilimwondoa gavana madarakani, Seneti ikathibitisha, na Spika Benson Mutura akashika nafasi hiyo kwa muda kama Katiba inavyoelekeza pale ambapo hakuna naibu. Hizo ni shughuli za serikali iliyo hai.

Hapo ndipo matumizi mabaya ya neno yanapoleta madhara ambayo mtu hawezi kuyapuuza. Mkazi aliyeamini kwamba kaunti imevunjwa hakuona haja ya kupeleka maoni kuhusu bajeti, ingawa kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma, na sharti hilo halikuondolewa na marufuku ya mikutano. Hakumuuliza mwakilishi wake wa wadi kuhusu taka zilizorundikana, kwa kuwa alidhani swali hilo sasa ni la wanajeshi. Kumbe kuhusu wajibu wa kikatiba, anwani ya swali haikuwa imebadilika: mwakilishi alipaswa kuulizwa ni masharti gani yaliyowekwa katika mkataba, fedha kiasi gani zimepitishwa, na bunge linafuatiliaje kazi iliyokabidhiwa wengine.

Mwaka wa 2022, baada ya uchaguzi uliomwingiza Johnson Sakaja kuwa gavana, majukumu yale yalirejea mikononi mwa kaunti na NMS ikafunga kazi. Magazeti kadhaa na watangazaji wengi wanaendelea kusema kwamba mwaka huo «kaunti ilirudishwa». Ningewaomba waseme kwamba majukumu manne yalirudishwa, na wanapoizungumzia miaka ile ya korona waseme kwamba yalikuwa yamehamishwa kwa mkataba.