Yanayosemwa dukani na yaliyo kwenye kibati: kuchagua mashine za ufundi Tanga

Ukipita Ngamiani asubuhi, kabla jua halijakaza, utasikia grenda inalia barabara hii na randa ya umeme inaitikia barabara ya pili. Penye mafundi hapakosi maneno. Mtu anayekwenda kununua mashine yake ya kwanza, iwe ya kutundikia rafu nyumbani Sahare au ya kufungulia karakana Makorora, hufika dukani kichwa kimeshajazwa: chukua yenye wati nyingi, tafuta ya mtumba ya Mjapani, usiguse yenye plagi ya miguu miwili. Baadhi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli. Mengi yanawauzia watu mashine zisizowafaa, na moja mawili yanaweza kumtoa mtu jicho.

Kila mashine ya maana ina kibati ubavuni, au karatasi iliyogandishwa: volti, wati, mizunguko kwa dakika. Muuzaji atakuonyesha boksi. Wewe igeuze mashine usome kibati.

"Wati nyingi ndiyo nguvu"

Wati za kwenye kibati ni umeme ambao mashine inauvuta kutoka kwenye soketi, si kazi inayotoka kwenye ncha. Katikati pana koili, gia na feni, na sehemu ya umeme huo inaishia kuwa joto tu. Grenda mbili za wati 900 zinaweza kutofautiana sana: moja inakata bomba la geti bila kushtuka, nyingine inapunguza mwendo ukiikandamiza kidogo tu.

Halafu kuna wati za kusifia. Mota yenye nguvu imejaa shaba na chuma, navyo vina uzito. Ukikuta grenda imeandikwa wati 1,500, lakini mkononi ni nyepesi kuliko ya wati 800 iliyo pembeni yake, namba hiyo ni ya mchapaji wa boksi.

Kwa kazi za nyumbani na kwa fundi wa madirisha ya chuma, grenda ya inchi 4½ yenye wati 700 hadi 900 za kweli inatosha. Ile ya inchi 9, wati 2,000 na kuendelea, ni ya kukata zege na vyuma vinene, na inataka mikono yote miwili. Wengine wanaiogopa kwa sababu ya luku. Hesabu ni nyepesi: wati 2,000 kwa saa nzima bila kupumzika ni uniti 2, na hakuna anayeshika grenda saa nzima bila kupumzika. Kitakachochoka kwanza ni kiwiko.

"Ya betri chukua ya volti 88, au hii ya 128"

Siku hizi zimejaa: keekee za betri zilizoandikwa 48, 88, mpaka 128, namba kubwa kama bango. Ukiifungua betri yenyewe, mara nyingi unakuta seli tano zimeungwa mfuatano. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6, kwa hiyo tano ni 18. Ikiwa imejaa kabisa, kila seli hufika 4.2, jumla 21. Hakuna 128 humo. Hata kampuni kubwa zinacheza kidogo hapa, maana "18" ya mmoja na "20 max" ya mwingine ni betri ileile iliyopimwa kwa nyakati mbili.

Namba ya kutazama ni ampea-saa. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 4 inabeba nguvu mara mbili ya ile yenye 2. Na ukinunua betri umeoa ukoo mzima: ya kampuni hii haiingii kwenye mashine ya kampuni ile, hivyo chagua ukoo ambao baadaye utakupa na grenda, msumeno na taa.

Lile agizo la kuchaji saa 24 mara ya kwanza ni la betri za zamani. Ya lithiamu ikijaa imejaa. Adui yake ni joto: usiiache ndani ya gari juani mwezi wa pili, wala usiichaji ikiwa bado ya moto kutoka kazini.

"Mtumba wa Mjapani haufi"

Mashine nyingi za mtumba zilitengenezwa kwa uhodari kuliko mpya za bei hiyohiyo, hilo sibishani nalo. Kinachozimaliza ni umeme wetu. Tanzania tunatumia volti 230. Japani wanatumia 100, Marekani 120. Uingereza nyumbani kwao ni sawa na sisi, ila mashine zao za kwenye maeneo ya ujenzi ni za volti 110, na unazitambua kwa plagi ya manjano ya duara. Mtu anaikata ile plagi, anafunga ya miguu mitatu, anabonyeza swichi. Mota inapiga ukelele mwembamba, inanuka vanishi, kisha moshi unatoka matunduni. Hapo koili zimepewa volti zaidi ya mara mbili ya zilizotengenezewa, na joto limepanda mara nne au tano.

Dawa ni transfoma ya kushusha, lakini iwe na wati zaidi ya mashine. Grenda ya wati 1,200 iwekee transfoma ya 1,500 au zaidi. Kile kisanduku cha kuchajia redio hakitaivumilia hata dakika chache.

Kuna jambo jingine ambalo transfoma hailirekebishi. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Mashine za mkononi zenye kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota, hazijali hezi. Kinoo cha mezani, kompresa na misumeno mingi mikubwa ya meza vinajali: iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na mota itachemka. Japani yenyewe imegawanyika, Tokyo na mashariki ni 50, Osaka na magharibi ni 60, ndiyo maana vibati vyao vingi vimeandikwa 50/60. Ukiona hivyo, shida yako imebaki kwenye volti tu.

"Gadi inazuia kazi, ing'oe"

Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu. Ukizunguka karakana za kuchomelea utaona grenda nyingi hazina kifuniko cha diski. Sababu inayotolewa ni kwamba gadi inaziba macho. Mara nyingi sababu yenyewe ni kwamba fundi alitaka kuingiza diski ya inchi 9, mpya au iliyolika, kwenye grenda ndogo.

Tazama diski yenyewe. Ya inchi 4½ imeandikwa mwisho mizunguko 13,300 kwa dakika. Ya inchi 9 imeandikwa takriban 6,600. Namba zimetofautiana ila mwendo wa ukingoni ni uleule, mita 80 kwa sekunde, na huo ndio mwisho wa uvumilivu wa ile gundi iliyoshika chembe za diski. Sasa chukua diski ya inchi 9 uifunge kwenye grenda ndogo inayozunguka mara 11,000. Ukingo wake utapita mita 130 kwa sekunde. Ikipasuka, kipande kinaruka kwa kasi ya kilometa zaidi ya 400 kwa saa, na ile gadi ambayo ingekipokea imetupwa chini ya meza.

Diski pia huzeeka. Kwenye kile kipete cha chuma cha katikati pamegongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu itengenezwe, kwa sababu gundi hudhoofika, na unyevu unaiharakisha. Diski iliyolala sakafuni karakana ya Deep Sea tangu masika iliyopita si ya kuifanyia majaribio. Ya kukatia, ile nyembamba, haisagii kwa ubavu. Na kufunga msumeno wa mbao wenye meno kwenye grenda sitaki hata kulijadili: meno yakinasa, mashine inamrukia aliyeishika, pajani au shingoni.

Miwani ya jua si miwani ya kazi.

"Keekee ikiwa na alama ya nyundo inatoboa zege"

Inatoboa tofali, naam. Ile keekee ya kawaida yenye swichi ya nyundo hugonga kwa vipande viwili vya chuma vyenye meno vinavyosuguana ndani, na kadiri unavyokandamiza ndivyo inavyogonga. Kwenye tofali za saruji inatosha. Kwenye nguzo au linta utasimama na jasho, biti imekuwa nyekundu, tundu limeingia sentimeta moja.

Zege linataka mashine ya SDS. Ndani yake pistoni inabana hewa na hewa ndiyo inayorusha nyundo, hivyo mkono wako unaongoza tu. Biti zake zina mifereji shinani na huingia kwa kubofya, bila ufunguo. Mfumo huo ni wa Bosch, wa mwaka 1975, na leo karibu kila kampuni inautumia.

Ila kwa nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Pangani, zima nyundo kabisa. Toboa kwa kuzungusha tu, polepole, au plasta ya ukuta mzima itakushukia miguuni.

"Plagi ya miguu miwili ni ya feki"

Tafuta kwenye kibati mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ni kwamba mashine ina kinga mbili za umeme na haihitaji waya wa athi. Mashine nyingi bora za mkononi ziko hivyo. Isipokuwa na alama hiyo na pia haina athi, iache hapohapo.

"Ekstensheni ni ekstensheni"

Grenda ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Kwa waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, urefu wa mita 30, utapoteza kama volti 6 njiani. Kwa ule mwembamba wa 0.75 utapoteza mara mbili yake, na waya utakuwa moto. Ukiuacha umeviringika kwenye gurudumu lake, plastiki itayeyuka. Ufungue wote, hata kama unahitaji mita tano.

"Mbao zetu ngumu zinataka mashine kubwa"

Seremala analalamika msumeno wake wa umeme hauna nguvu, anataka mkubwa zaidi. Umwombe akuonyeshe meno. Mtiki, ule wa Longuza kule Muheza, una chembechembe za silika ndani ya mbao, nazo hufanya meno kuwa butu upesi sana. Mvule una mambo mengine: ndani ya gogo hujificha vijiwe vya kalisiamu, msumeno unakwenda vizuri, ghafla unasikia mlio wa kugonga, na kuanzia hapo unachoma badala ya kukata. Ukiona kingo za mbao zimebaki nyeusi, tatizo ni meno. Nunua diski yenye ncha za kabaidi, meno machache kwa kupasua kufuata nyuzi na mengi kwa kukata kukingama, na mashine ileile itaonekana mpya. Vumbi la mvule huwasha pua na kifua, kwa hiyo vaa barakoa.

"Imetoa cheche, mota imekufa"

Fungua vifuniko viwili vidogo ubavuni kwa bisibisi. Kila kimoja kinaficha kaboni yenye springi, ndogo kama punje ya mahindi. Ikiwa imebaki chini ya milimita 5 hivi, badilisha zote mbili, tena ni kitu cha bei ndogo. Vicheche vya buluu pale kaboni inapogusa ni vya kawaida. Moto unaozunguka duara nzima ndio wa kukutia wasiwasi. Kuna watu wamelipia kusukwa mota nzima kwa kosa la kaboni.

"Rahisi ni ghali"

Inategemea nani ananunua. Mwenye nyumba anayetoboa matundu ishirini kwa mwaka, ya pazia na rafu, keekee ya bei poa itamtosha miaka. Mwenye karakana ya kukata chuma kutwa, grenda ya aina hiyo itamgharimu kazi za watu. Yeye kabla ya kulipa aulize kaboni na swichi za mashine hiyo zinapatikana hapahapa mjini au mpaka aagize Dar, kisha achukue risiti ya EFD iliyoandikwa jina la mashine, maana bila hiyo waranti ni maneno.

Na iwashwe mbele yako. Sikiliza gia, ishike kichwa uone kama inacheza, inuse. Muuzaji akisema haiwezi kujaribiwa kwa sababu umeme umekatika, rudi umeme ukirudi.