Sikio Linauma, Chanzo Kiko Puani

Mama anayemleta mtoto wa miezi kumi mwenye sikio linalotoa usaha huwa ameshahukumiwa kabla hajafika kwetu. Shosho amesema ni maji ya kuoga. Jirani wa ploti amesema ni baridi, mtoto alitolewa nje bila kofia. Baba anauliza kwa nini masikio hayasafishwi. Basi mama anaketi mbele ya daktari wa masikio, mtoto mapajani, pamba imesokomezwa sikioni, na swali lake la kwanza wala si la dawa: "Daktari, kwani nilimwogesha vibaya?"

Hakumwogesha vibaya. Maambukizi ya sikio la kati hayapitii mlango wa nje, yanapitia puani. Mzazi akishalielewa hilo, mengi anayoambiwa mtaani kuhusu masikio ya watoto anaweza kuyapima mwenyewe, na pesa za dawa za matone zinabaki mfukoni.

Tundu la sikio tunaloliona ni njia fupi iliyozibwa mwisho wake na ngozi nyembamba, ngoma ya sikio. Ngoma ikiwa nzima, maji ya beseni hayapiti. Yanatoka au yanakauka. Nyuma yake ndipo lilipo sikio la kati: chumba kidogo chenye hewa na vifupa vitatu, vidogo kuliko vyote mwilini, vinavyopokezana mtikisiko wa sauti hadi sikio la ndani. Hewa ya chumba hicho huingia kwa mrija mwembamba unaoanzia nyuma ya pua, juu ya koo. Unaitwa mrija wa Eustachi, kwa jina la Bartolomeo Eustachi, mtaalamu wa Italia aliyeueleza katika karne ya 16.

Aliyewahi kushuka Mai Mahiu kwa matatu akielekea Naivasha anaujua mrija huu hata kama jina lake hajawahi kulisikia. Mteremko unapoanza masikio yanaziba, redio ya dereva inasikika kwa mbali; ukimeza mate au ukipiga miayo, yanazibuka. Mrija huo kwa kawaida huwa umefungwa, na misuli midogo ya kaakaa ndiyo inayoufungua kila unapomeza, hewa ya ndani na ya nje zikalingana.

Wa mtoto mchanga bado haujakomaa. Ni mfupi, karibu nusu ya wa mtu mzima. Tena umelala: wa mtu mzima una mwinamo wa nyuzi 45 hivi, wa mtoto mchanga kama nyuzi 10 tu, kwa hiyo kilicho nyuma ya pua hakina mlima wa kupanda ili kufika sikioni, na kilichomo sikioni hakina mteremko wa kushukia. Gegedu lake ni laini na misuli ya kuufungua ni dhaifu, hivyo hujikunja na kuziba kwa urahisi. Ni kama mtaro uliochimbwa bila mteremko: mvua kidogo tu, maji yanasimama.

Sasa mtoto apate mafua. Utando wa ndani ya pua unavimba, na kwa kuwa utando huohuo unaendelea hadi ndani ya mrija, mrija nao unaziba. Hewa iliyobaki sikioni inanyonywa polepole na mwili, nyingine haiingii, ngoma inavutwa kwa ndani na majimaji yanaanza kujikusanya. Bakteria waliokuwa wakiishi puani bila kumdhuru mtoto, akiwemo yule maarufu kwa kuleta nimonia, wanayakuta majimaji hayo na kuzaana humo. Usaha unajaa, ngoma inatutumka kuelekea nje, na mtoto anaanza kulia usiku wa manane. Shinikizo likizidi ngoma hupasuka, usaha unamwagika kwenye mto, kisha mtoto analala fofofo, kwa sababu kilichokuwa kikimuumiza kimepata pa kutokea. Wazazi wengi hushtuka asubuhi hiyo wakiona usaha, kumbe maumivu makali yameshapita. Tundu hilo dogo kwa kawaida huziba lenyewe baada ya siku au wiki chache.

Shosho basi tusimcheke. Mtoto ameogeshwa Jumamosi, Jumapili sikio linatoa maji. Nani asingeunganisha mambo hayo mawili? Ila ukiuliza vizuri, mara nyingi utaambiwa kamasi zilianza siku tatu nne kabla. Na baridi yenyewe haiingii sikioni ikageuka usaha. Kinachotokea ni kwamba kati ya Juni na Agosti, Nairobi ikiwa na mawingu na manyunyu, watu hujifungia ndani, madirisha hayafunguliwi, na virusi vya mafua vinapata watu waliosongamana. Kofia mvishe mwanao, haina ubaya. Usiitegemee tu kuwa kinga ya sikio.

Miezi sita hadi miaka miwili ndicho kipindi kigumu zaidi. Kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama imepungua, na ya kwake bado inajengeka. Mtoto wa umri huu kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka ni jambo la kawaida, na kila mafua ni nafasi nyingine ya mrija kuziba. Zaidi ya hapo, karibu kabisa na mdomo wa mrija kuna kinyama kiitwacho adenoidi, ndugu wa tonsili. Hukua miaka ya chekechea, kisha husinyaa mtoto anapoelekea kubalehe. Kikivimba sana huziba mdomo wa mrija na kuhifadhi bakteria. Utamtambua mtoto huyo kwa kukoroma na kulala mdomo wazi. Kufikia miaka saba hivi mrija huwa umerefuka na kuinama vya kutosha, ndiyo maana watoto wengi huachana na ugonjwa huu bila kupasuliwa. Waliozaliwa na mpasuko wa kaakaa au wenye hali ya Down huchukua muda mrefu zaidi, na hao ni vyema masikio yao yafuatiliwe tangu wakiwa wachanga.

Umbo la mrija hatuwezi kulibadilisha. Yanayouzunguka tunaweza, ingawa jijini si rahisi. Chukua deikea ya mtaa kama Mukuru au Kawangware: chumba kimoja, watoto kumi au zaidi, mafua ya mmoja yanawazunguka wote. Kumwambia mama anayetoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kufulia watu nguo kwamba asimpeleke mtoto deikea ni kumpa ushauri asioweza kuutumia. Tunachomwambia ni achague penye dirisha linalofunguka, na amwombe mama wa deikea mambo mawili: watoto wasishirikishane vikombe na chuchu za chupa, na wa kwake asilazwe chali na chupa mdomoni. Maziwa yanayomezwa mtoto akiwa amelala chali yanaweza kuufikia ule mrija mfupi. Anyweshwe akiwa amepakatwa, kichwa kimeinuka. Ile nyonyo tupu ya kumtulizia nayo ipunguzwe baada ya miezi sita, kwa sababu kuinyonya mchana kutwa huongeza maambukizi haya.

Maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza hupunguza hatari, na hiyo ni kinga isiyouzwa dukani. Moshi unafanya kinyume chake. Ndani ya pua na mrija kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, kazi yake kusukuma kamasi zitoke, moshi unavidumaza. Baba anayevutia sigara mlangoni bado anamvutishia mtoto. Jiko la makaa linaloingizwa ndani usiku wa Julai ili kupasha nyumba joto lina ubaya mkubwa kuliko sikio: gesi yake huua watu waliolala. Litolewe nje hata kama makaa yanaonekana yamekwisha.

Chanjo pia inahusika. Tangu 2011 Kenya imekuwa ikitoa chanjo ya nimonia kwa watoto wachanga, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, bila malipo katika vituo vya serikali. Humkinga mtoto hasa dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo, na maambukizi ya sikio nayo hupungua kiasi. Hayaishi, kwa kuwa bakteria wa masikio ni wa aina nyingi na virusi vya mafua havijali chanjo hiyo. Fungua kile kijitabu cha kliniki uone kama sindano zote tatu zimejazwa.

Utajuaje kwamba ni sikio? Mtoto asiyeweza kusema hulia zaidi akilazwa, hukataa kunyonya kwa kuwa kumeza kunamuuma, huwa na joto, na wakati mwingine hutapika au kuhara. Kuvuta sikio peke yake si dalili ya kutegemea. Watoto huvuta masikio wakisinzia, wakiota meno, au kwa sababu tu wameligundua. Jibu la hakika ni kulitazama sikio kwa kifaa chenye taa, jambo ambalo duka la dawa haliwezi kukufanyia.

Hapo tunafika penye malalamiko yetu makubwa sisi wa masikio. Mtoto akilia, mzazi huenda dukani na kununua matone. Ngoma ikiwa nzima, matone hayafiki kwenye usaha ulio nyuma yake. Ikiwa imetoboka, yapo matone, kama yenye gentamisini, yanayoweza kufika sikio la ndani na kuharibu usikivu. Kwa vyovyote vile, usinunue bila sikio kutazamwa. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, mafuta ya taa, maji ya kitunguu, hata maziwa ya mama, visitiwe sikioni. Dawa za mafua na za kikohozi hazizibui mrija wa mtoto. Kinachosaidia usiku huo ni parasetamoli ya kiasi kinacholingana na uzito wake, na kunyonya au kunywa mara kwa mara. Aspirini asipewe.

Antibiotiki je? Mtoto aliyezidi miaka miwili, mwenye maumivu ya wastani na sikio lisilotoa usaha, daktari anaweza kuamua kumtuliza maumivu na kumwangalia siku mbili tatu, kwa sababu wengi hupona wenyewe. Huko si kupuuzwa. Mdogo zaidi, hasa masikio yote mawili yakiwa yameathirika, au mwenye usaha, kwa kawaida huandikiwa amoksilini. Akiandikiwa amalize siku zote, na nusu ya chupa isihifadhiwe kwa ajili ya mdogo wake.

Sikio linalotoa usaha linahitaji kukaushwa, na kazi hiyo ni ya mzazi. Nawa mikono. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au karatasi laini lakini imara, ukisokote kiwe na ncha. Vuta sikio taratibu kwa nyuma, ingiza ncha hiyo polepole, iache ilowe, itoe, weka nyingine mpya. Endelea mpaka itoke kavu. Fanya hivyo mara tatu au zaidi kwa siku. Usitumie kijiti chenye pamba, na usiache kitu chochote humo ndani. Ile pamba ya kuziba hufungia usaha palepale tunapotaka pakauke. Na sasa ngoma ikiwa na tundu, shosho ana haki: maji ya kuoga yasiingie mpaka lizibe.

Usaha ukiendelea siku 14 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu na una matibabu yake. Mtoto hatauacha kwa kukua tu. Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, shingo imekakamaa, uso umepinda upande mmoja, mtoto amelegea au ana degedege, usingoje asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto naye apelekwe hospitali hata kama huoni dalili nyingine.

Kuna hali moja isiyo na kilio wala usaha, na kwa hiyo haiji kliniki. Baada ya maambukizi kupona, majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma kwa wiki kadhaa. Mtoto haumwi, ila sauti zinamfikia zimefifia. Anaongeza sauti ya televisheni, haitiki akiitwa kwa nyuma, maneno yanachelewa au yanatoka nusunusu, na kule chekechea mwalimu anaandika kwamba ni mtukutu. Kwa watoto wengi majimaji hayo hukauka ndani ya miezi mitatu. Muda huo ukipita, apimwe usikivu. Kipimo hakiumi, na kipo cha watoto wasioweza hata kujibu. Majimaji yakikataa kukauka na usikivu ukibaki chini, tunaweza kuingiza kijimrija kidogo kwenye ngoma ili hewa ipite. Huku mkisubiri, mwambie mwalimu amkalishe mbele, na nyumbani mzungumze naye mkiwa mmetazamana, televisheni imezimwa.