Nguzo za daraja hazidai kafara

Kila barabara kubwa inapojengwa, magrupu ya Kigoma na Tabora hupokea ujumbe uleule: nguzo za makutano ya juu (daraja la barabara kupita juu ya nyingine) hazisimami bila kichwa cha mtoto. Si kweli. Nguzo hubebwa na msingi imara, nondo na zege. Mwili uliofukiwa humo ungeoza, ukaacha uwazi na kuidhoofisha nguzo. Uimara hupimwa: vipande vya zege huvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na 28. Waulize mafundi wa maabara ya mradi.

Wengi hutiwa hofu na uzio, na zege kumwagwa usiku. Zege humwagwa usiku kwa sababu joto la mchana huligandisha upesi. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, maana mgeni asiye na hatia anaweza kushukiwa kuwa mwizi wa watoto na kupigwa. Watoto tuwalinde na mashimo ya ujenzi yaliyojaa maji.