Je, wajua damu huenda wapi inapopungua?

Nesi akikuvuta kope ya chini kwa kidole gumba, anatafuta rangi tu. Ukiwa umepauka humo ndani, utaambiwa: "Mama, huna damu." Ukirudi nyumbani, mtaa mzima utakutajia dawa: mchicha, maini, juisi ya bitiruti. Ni nadra mtu kuuliza damu hiyo imekwenda wapi, na kwangu hilo ndilo swali la kwanza.

Mara nyingi damu yenyewe ipo. Kilichopungua ni chembe nyekundu, au hemoglobini iliyomo ndani yake, inayobeba oksijeni. Ndiyo maana ngazi chache tu zamtwetesha mtu. Chembe moja huishi siku kama 120, na uboho wa mifupa hutoa nyingine mahali pake. Basi hupungua kwa sababu hazitengenezwi za kutosha, zinavuja, au zinavunjwa kabla ya siku zake.

Kuzitengeneza kwahitaji madini ya chuma, foleti na vitamini B12. Sasa tazama meza ya asubuhi hapa Mombasa: mahamri, mbaazi za nazi, kikombe cha chai. Mbaazi zina chuma na foleti, lakini chai ikinywewa papo hapo hukishika kile chuma, kikapita tumboni bila kufyonzwa vyema. Zikamulie ndimu, chai isubiri kama saa moja, na mwili utapata zaidi kutoka sahani ile ile. Figo zikiugua pia chembe hupungua, kwa kuwa ndizo zitoazo homoni inayouamuru uboho ufanye kazi.

Kuvunjwa, huku pwani twakujua. Vimelea vya malaria huzipasua chembe kutoka ndani. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe kama mundu, naye chembe zake hazifikishi hata mwezi, na vidonge vya chuma peke yake havimponyi. Aliyeongezwa damu mara nyingi huenda tayari ana chuma kupita kiasi.

Kuvuja ndiko kunakojificha. Hedhi nzito na uzazi vyaonekana, lakini safura je? Jina hilo latokana na Kiarabu, rangi ya manjano, na wazee walilitumia kwa mgonjwa aliyepauka na kuvimba. Leo ni jina la minyoo pia: huingia kwa nyayo za mtoto achezaye peku, huishia kwenye utumbo, hung'ata na kufyonza damu kidogo kidogo. Kichocho nacho huitoa kwa mkojo.

Kwa mwanamume, au bibi aliyekoma hedhi, upungufu wa chuma usimalizwe kwa bitiruti. Huenda ni kidonda cha tumbo, dawa za maumivu zilizomezwa kila siku, au saratani ya utumbo. Choo cheusi kama lami ni dalili ya damu iliyovuja juu tumboni. Lakini vidonge vya chuma navyo hukifanya choo kuwa cheusi, kwa hivyo mwambie daktari kama umekwisha kuvianza.